Siku Diwani Alipokuja na Mama Yake

Costancia alikuwa na tabia moja iliyonikera sana mwanzoni, na wala sikumficha. Mgeni akija studio kwetu hapa Mikumi, hata awe mheshimiwa wa namna gani, salamu zote zinaishia nje, pale kwenye ngazi ya saruji zinapoegeshwa pikipiki. Hapo atapewa shikamoo yake, ataulizwa habari za nyumbani, za mvua, za watoto, za goti linalomsumbua. Akishavuka mlango, basi. Ndani hakuna shikamoo, hakuna mzee wangu, hakuna baba. Ndani ni "mheshimiwa", halafu swali.

Mimi naitwa Irine. Ndimi mshika kamera, na taa, na birika la chai, na ufagio pia, kwa sababu hii televisheni ya Bwana Nassir ni chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya umeme. Inaonekana kwa kebo hapa mjini na kwa simu kwingineko. Kamera nilijifunza kwenye harusi za Kilosa, nikipiga watu wanalishana keki. Kwa hiyo nilipomwambia Costancia kwamba kumkalisha mtu mzima mbele ya kamera bila shikamoo ni kukosa adabu, nilikuwa najua ninachosema. Mimi nimeona mashangazi wakinuna harusi nzima kwa shikamoo moja iliyosahaulika.

Akanijibu kwa upole wake ule unaoudhi: "Dada Irine, ukishampa mtu shikamoo umeshakaa chini yake. Sasa utambana saa ngapi?"

Nilikuja kuona kwamba alikuwa na akili.

Ni mtoto wa katekista wa Kianglikana, kutoka milimani juu ya Kilosa. Tangu binti mdogo alikuwa anasoma matangazo kanisani, nani kafiwa, nani anaoa, lini kuna kufyeka makaburi. Alipomaliza shule akapata kazi ya kutangaza dawa za mifugo mnadani kwa kipaza sauti, juu ya pikapu. Wafugaji wakamzoea. Dawa ikiwa mbovu alikuwa anasema hadharani kwamba ile ya wiki iliyopita irudisheni, haifai. Mwenye dawa akamfukuza, Bwana Nassir akamchukua. Huko ndiko alikotokea. Hakuna chuo, hakuna cheti cha utangazaji, na asiwadanganye mtu.

Kuhoji kwake kulikuwa hivi. Anauliza swali fupi, halafu anaweka mikono mapajani na kunyamaza. Nyie mnawajua watangazaji wengine, mtu akishajibu tu wanarukia, "Asante sana mheshimiwa, asante sana," utadhani wamepewa zawadi. Huyu hapana. Anamtazama mtu. Mheshimiwa anamaliza jibu lake, anatabasamu, anaona hakuna anayetabasamu, anaongeza neno, na hilo neno la kuongeza ndilo linalomponza. Akiona jibu limekaa vizuri kupita kiasi, anauliza, "Umeona kwa macho yako?" Basi. Nimewahi kumwona mtu mzima na suti yake akifungua kifungo cha shati kwa swali hilo.

Likawa msemo wa watu. Mnadani mtu akisifia dume lake, wanunuzi wanacheka, wanamwambia, "Umeona kwa macho yako?" Watoto wa shule wanaambiana hivyo. Costancia akipita sokoni, kina mama wa nyanya wanamtania, "Dada Costa, nyanya zangu ni za leo, nimeona kwa macho yangu!" Na yeye anacheka, anainama na kanga yake, ananunua. Watu walimpenda na walimwamini. Naomba mlikumbuke hilo la kuaminiwa, maana ndilo lililotuua.

Kiangazi cha mwaka wa uchaguzi kilikuwa kikali. Mashimo ya maji upande wa nyanda yalikauka mapema, na wafugaji wakaanza kuulizana watakwenda wapi. Kulikuwa na lambo jipya kata ya Mgogozi, mbali kidogo, lililochimbwa kwa mbwembwe nyingi na diwani wa huko, mheshimiwa Wenceslaus. Alikuwa anagombea tena. Wengine walisema lambo limejaa, wengine walisema mkandarasi aliondoka kabla hajamaliza. Kila mtu na lake, na hakuna aliyefika.

Mahojiano na diwani huyo yalikuwa saa nane mchana, moja kwa moja hewani. Asubuhi yake akaja Kitashu. Kitashu ni mfugaji, tunamfahamu tangu siku za mnadani, mtu wa maneno machache na utani mkavu. Alikataa kiti. Alisimama na fimbo yake pale kwenye ngazi, akamwambia Costancia:

"Dada, huyo diwani leo unaye?"

"Ninaye, kaka. Saa nane."

"Niulizie lambo la Mgogozi. Lina maji au halina? Huku kwetu kumebaki tope. Nikihama, nahama na kila kitu, na yeyo wangu, mama yangu mzazi, juu yake, na unajua alivyo, ni maziwa tu anayokunywa. Njia yenyewe unaiona, huku hifadhi, huku mashamba ya watu. Nikifika nikakuta hamna maji, ng'ombe hawana nguvu ya kurudi. Wanafia hapo hapo."

"Nitamuuliza."

"Muulize kama unavyoulizaga."

"Kitashu, nitamuuliza mpaka aseme kweli. Kaa pale kwenye kibanda cha video uangalie."

Hayo niliyasikia kwa masikio yangu, nikiwa nafuta lenzi.

Saa nane diwani akafika. Mtu mnene, mchangamfu, mwenye kicheko cha kuambukiza, na sitasema uongo, hata mimi nilimpenda. Salamu zikaisha nje kama kawaida. Akaingia peke yake, akakaa, nikamfunga kipaza sauti kwenye kola. Costancia akaanza na barabara. Akamtoa jasho. Akaja kwenye zahanati isiyo na milango, akamtoa jasho zaidi. Halafu akauliza:

"Mheshimiwa, lambo la Mgogozi lina maji?"

"Limejaa!" alisema diwani. "Limejaa mpaka ukingoni. Wafugaji nawakaribisha, waje hata kesho."

Costancia akaweka mikono mapajani. Nikaisogeza picha kwenye uso wa diwani, maana nilijua kinachokuja. Alikuwa anatabasamu, na juu ya mdomo pale vijasho vimeanza kuchomoza. Akafungua mdomo aongeze neno. Na mlango ukafunguliwa.

Akaingia bibi mmoja na mkongojo, kavaa kitenge cha kanisani, anaongozwa na dereva. "Samahani wanangu," akasema, "gari lina joto."

Gari lina joto, jamani! Gari lilikuwa kivulini, chini ya mwarobaini, kiyoyozi kinanguruma mpaka tunakisikia humu ndani. Sisemi bibi alidanganya. Bibi aliambiwa aingie, akaingia, maskini, na neno aliloambiwa aseme akalisema. Diwani akasimama na kipaza sauti chake, akanyoosha mikono. "Watazamaji, huyu ni mama yangu mzazi, Bibi Magdalena, wa Chanzuru. Mama, karibu, karibu sana."

Sasa niambieni nyie, ungefanya nini? Bibi amesimama mbele yako, mvi tupu, na mji mzima unatazama. Costancia akainuka kwenye kiti, akapiga goti kidogo jinsi tunavyofundishwa, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Baba yako hajambo? Namfahamu mwalimu, alitufundisha kipaimara mimi na marehemu mume wangu, tukiwa watu wazima tayari. Kumbe ndiye wewe! Mungu akubariki. Haya, ongeeni na mtoto wangu, mimi sitasema kitu."

Akakaa kwenye stuli yangu, karibu na kamera. Akamtazama mwanawe kwa furaha, kama mama anayetazama mtoto akiimba kwaya.

Costancia akarudi kitini. Nilimwona mdomo unafunguka. Swali nililijua, na diwani alilijua, na mji mzima ulilijua. Lakini kumwuliza yule mwanamume pale, "Umeona kwa macho yako?", ni kumwambia yule bibi usoni: umezaa mwongo. Costancia akamtazama bibi. Bibi akamtikisia kichwa, kumtia moyo.

"Asante sana, mheshimiwa," akasema Costancia. "Tuje sasa kwenye suala la michezo kwa vijana."

We! Kamera ilitaka kunidondoka. Michezo!

Walipoondoka nilimbwatukia. Nilimwambia yote ya moyoni, kwamba amepigwa chenga mchana kweupe, kwamba Kitashu amekaa kwenye kibanda anasubiri swali moja na yeye kamletea mpira wa miguu. Akawa anakunja nyaya zangu, kazi ambayo si yake.

"Usingeweza hata wewe, dada Irine."

"Mimi si mtangazaji!"

"Yule bibi ananijua. Anamjua baba." Akaketi kwenye stuli ile ile. "Nitampigia Kitashu nimwambie sina hakika. Asihame kwanza."

Akapiga. Simu haipatikani. Akapiga tena jioni, haipatikani. Huko nyanda mtandao ni wa kubahatisha, tukasema atapatikana tu, haraka ya nini, mtu hahamishi boma zima kama anahamisha kuku. Kesho yake asubuhi akampata jirani yake, akaambiwa Kitashu alishatoka na mifugo yote kabla jua halijachomoza. Costancia akanitazama. Nikamwambia, "Labda kweli limejaa." Nilisema hivyo kumtuliza tu. Wala mimi mwenyewe sikuamini.

Kitashu alirudi baada ya siku kadhaa, kwa miguu, vumbi mpaka kwenye kope. Lambo la Mgogozi lilikuwa shimo. Katikati kulikuwa na tope lililoganda juu, laini chini, na ng'ombe waliposikia harufu ya maji wakalikimbilia. Walionasa hawakutoka. Wengine walilala ukingoni wakafa wakitazama. Aliokoa wachache kwa kuwasukuma mpaka bondeni Zombo, ambako mzee mmoja mkulima alimruhusu kunywesha kwenye kijito chake. Mama yake sasa yuko Ulaya, kile kijiji cha huku huku Kilosa, kwa binti yake aliyeolewa huko, kwa sababu boma halina ng'ombe wa kukamua.

Aliyasema hayo bila kupandisha sauti. Costancia alikuwa amesimama, hakuweza hata kumkaribisha kiti. Akamwambia, "Kaka, nisamehe. Sikumuuliza."

"Niliona hukumuuliza," Kitashu akasema. "Ndiyo maana nikaenda. Yule mimi sikumtazama, yule anasema lolote. Nilikuwa nakutazama wewe. Uliponyamaza ukaenda kwenye mpira, nikajua Costancia ameridhika, basi maji yapo."

Aisee. Costancia alitoka nje, nikamsikia anatapika nyuma ya duka.

Lakini Kitashu hakuja kwa ajili ya kuombwa msamaha. Alitoa simu yake, akatuonyesha. Kile kipande cha mahojiano, cha lambo peke yake, watu wa diwani walikikata wakakisambaza kwenye makundi ya wasapu. Diwani anasema limejaa, Costancia anasema asante sana. Kinazunguka kwa wafugaji wa pande zote. "Kuna maboma mengine yameanza kufunga mizigo," Kitashu akasema. "Nimekutana na vijana wao njiani, wanakwenda kutazama malisho. Nimewaambia hakuna maji. Wananiambia, wewe Kitashu unataka maji yako peke yako, sisi tumemwona Costancia. Wakifika pale na ng'ombe wote wale, na hata kile kijito cha Zombo hakitoshi, itakuwa vita na wakulima. Nizuilieni hao watu."

Siku hiyo hiyo Costancia akakaa mbele ya kamera, peke yake, akasema lambo ni kavu, msiende, nilikosea. Alisema vizuri. Alilia kidogo, sikumkata. Na unajua watu walisemaje? Chini ya video wakaandika, kanunuliwa na wapinzani. Juzi ameridhika, leo analia, kalipwa ngapi? Wengine wakaandika, mwoneni diwani mwenyewe, aseme yeye. Tukampigia diwani. Kwanza alikuwa kwenye kikao, kisha alikuwa safarini, kisha simu yake ikawa inapokelewa na kijana mmoja mwenye adabu nyingi asiyejua chochote. Kile kipande cha kwanza kiliendelea kuzunguka, na kile cha machozi kikafa. Kitashu akapiga simu kutoka njiani, boma moja limeshatoka.

Costancia hakula siku mbili zile. Alikuwa anakaa pale kwenye ngazi anajipiga paja na ngumi, anasema, "Mimi, dada Irine. Ni mimi. Ningeuliza tu." Nilikasirika. Nikamwambia majuto yako hayanyweshi ng'ombe, tafuta mtu ambaye wale watu watamwamini, ambaye hawawezi kusema kanunuliwa.

Nilisema tu, kwa hasira. Lakini aliinua kichwa, na nikajua amempata nani.

Tulikwenda Chanzuru kwa pikipiki ya Bwana Nassir, mimi nyuma na begi la kamera. Bibi Magdalena alikuwa anaanika mpunga kwenye turubai. Alifurahi huyo! Alimkumbatia Costancia, akatuwekea viti, akatuletea ndizi na chai ya mchaichai. Costancia akampa shikamoo, tena kwa goti, tena palepale ndani ya uwanja wake, wala hakutafuta mlango wa kuiachia. Kisha akamwambia:

"Bibi, siku ile hatukupata nafasi ya kuongea na wewe. Tungependa watu wamsikie mama wa mheshimiwa."

Neno hilo lilikuwa kweli tupu, na hapo ndipo ubaya wake. Bibi akaingia ndani kubadilisha kitenge. Nikafunga kamera kwenye stendi yake.

Nimepiga picha za Costancia akiwahoji wakubwa wengi. Sijawahi kumwona akifanya kazi vizuri kama siku ile, na natamani ningekuwa nimelala. Hakumbana hata kidogo. Alimuuliza Wenceslaus alikuwa mtoto wa namna gani. Bibi akacheka, akasimulia alivyoiba sukari. Alimuuliza kama kazi ya udiwani inamchosha mwanawe. Hapo bibi akasogeza kiti.

"Inamchosha, mwanangu! Watu hawajui tu. Wanadhani ni kula posho. Hata siku ile anakuja kwenu, njiani hakupumzika, anapiga simu tu."

"Alikuwa anaongea na nani, bibi?"

"Na yule mtu wa lambo. Mkandarasi. Anamgombeza mpaka namwonea huruma. Anamwambia, umechukua hela yangu ukaniachia shimo kavu, leo nikiulizwa nitawaambia nini watu? Ana uchungu na wafugaji, yule mtoto. Nikamwambia, baba, usijali, mimi nitakusindikiza mpaka ndani, wakiona nipo watakuuliza kwa heshima."

Alisema hivyo kwa fahari. Alinitazama na mimi kabisa, machoni mwa kamera, ili nisikose kusikia jinsi mwanawe anavyohangaikia watu.

Costancia akaweka mikono mapajani. Nikadhani sasa atamwambia. Bibi akanyamaza kidogo, akaona hakuna anayesema, akaongeza:

"Mpaka leo hajafika hata kuliona, gari halipiti. Lakini atalimaliza. Mimi namjua."

"Asante, bibi," akasema Costancia. Nikazima.

Bibi akatufungia ndizi zilizobaki kwenye gazeti. Akatusindikiza mpaka barabarani, akauliza itaonyeshwa lini ili awaite majirani.

Tulipofika studio Costancia akakaa mbele ya kompyuta, kidole juu ya kitufe. "Hakujua," akasema. "Dada, yule hakujua anasema nini. Mimi nilijua."

Simu ya Kitashu ikaingia. Boma la pili limetoka, na watoto, na punda. Nikamwambia Costancia, bonyeza. Sikuwa na huruma dakika ile, nilikuwa nawaona wale ng'ombe kwenye tope. Nikamwambia, unamlilia bibi mmoja mwenye mpunga, kuna mabibi wengine wako barabarani wanaifuata asante yako. Akabonyeza.

Ile haikuhitaji mtu kuisambaza. Ilijisambaza. Nani atasema mama kanunuliwa amseme mwanawe? Kabla ya jioni Kitashu akapiga, sauti yake imebadilika, kwamba maboma yamesimama, vijana wameonyeshwa kwenye simu, wamegeuza. Wengine walielekea mtoni upande wa Kilosa ambako walikubaliana na wenye mashamba. Hakuna ng'ombe mwingine aliyenasa Mgogozi. Kitashu akasema, "Dada, hapo umenilipa." Nami nikapiga kigelegele humo chumbani peke yangu kama mwehu. Costancia alikuwa amelaza kichwa mezani.

Na mheshimiwa? Mnataka kusikia aliadhibiwa. Msyuu! Alitoka kesho yake akasema ni kweli mkandarasi kamwangusha, akaomba radhi, akacheka kicheko chake, akasema hata mama yangu amenisema, nyie mama zenu hawawasemi? Watu wakacheka naye. Akashinda. Akaapishwa na suti mpya. Yeye hakupoteza chochote.

Baada ya uchaguzi Costancia akaniambia twende Chanzuru, bila kamera. Nilikataa mara ya kwanza, nikasema tuwaache watu wapumzike. Akasema, "Nitakwenda hata kwa miguu." Nikaenda naye, basi, ningefanyaje.

Bibi Magdalena alikuwa amekaa mlangoni. Mpunga ulikuwa umeshaingizwa ndani. Alitupokea vizuri, hiyo ndiyo iliyonimaliza, aliitikia salamu, akaagiza jirani atuletee maji ya kunywa. Nilitegemea matusi. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hayo nayajua. Costancia akapiga magoti chini kwenye vumbi, magoti yote mawili, akaanza, "Bibi, nilikuja hapa nikakudanganya..."

"Inuka, mwanangu, utachafua nguo," bibi akasema. "Majirani walikuja kutazama. Niliwapikia na chai. Wakawa wanatazamana. Mimi sikuelewa mpaka mtoto wa jirani aliponieleza pole pole." Akatutazama. "Wale watu na ng'ombe wao, walipona?"

"Walipona, bibi."

"Basi ni vizuri. Nilisema kweli. Kweli haina kosa." Akawa anakunja na kukunjua pindo la kitenge chake. "Wenceslaus alikuwa anakuja kila Jumapili baada ya ibada. Ananiletea nyama na mkate. Tangu siku ile hajaja. Kuapishwa kwake nimekuona kwenye simu ya jirani. Nampigia, anapokea kijana mmoja, ana adabu sana yule kijana, ananiambia mheshimiwa yuko kwenye kikao."

Costancia alikuwa bado chini. Bibi akamshika kichwani, kwa upole, kama anambariki.

"Wewe ndiye unayejua kuwauliza hawa watu, mwanangu. Niulizie. Mtoto wangu atakuja lini?"

Costancia ameshampigia diwani mara nyingi mno. Amekwenda ofisini kwake, amekaa kwenye benchi na wenye shida zao mpaka mlango ukafungwa. Studio bado anakuja, anahoji, na watu bado wanamsifu, lakini kila Jumapili mchana haonekani. Anapanda basi la Kilosa na nyama na mkate kwenye kikapu, na bibi anapokea, anashukuru, kisha anatazama barabarani, nyuma ya Costancia, kama kuna mwingine anayekuja.